Mgonjwa wa Upanga

Kituo cha mabasi cha Kariakoo, upande wa Msimbazi, saa moja kasoro asubuhi, mwaka wa sabini na sita, hakikuwa mahali pa mtu mwenye akili kuanzia mapenzi. Watu walisukumana, makondakta walipiga mabati ya mabasi kwa viganja, vikapu viligonga watu magotini. Lakini mapenzi hayaombi ruhusa. Asubuhi hiyo yalimkuta Kasmir ndani ya kaunda suti ya kijivu na viatu vya raizoni, vile vya soli nene, vilivyombana, ubao wa fomu kifuani, akimwuliza kila abiria maswali matatu: anatoka wapi, anaenda wapi, na kwa shughuli gani.

Kasmir alikuwa mtafiti kijana katika idara moja ya usafiri. Majibu hayo alitaka kuyasoma mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa watafiti wa usafirishaji, ambao safari hiyo ulikuwa ufanyike papo hapo Dar es Salaam. Hakuwahi kupanda jukwaa lolote maishani, na mkutano huo aliuwaza kama wengine wanavyowaza harusi.

Akamfikia Theopista. Binti alikuwa na gauni la maua ya njano, nywele zimechambuliwa zikasimama duara, mkononi kikapu kilichofunikwa kitambaa. Kasmir akalisahau swali la kwanza, akaanza na la pili.

"Unaenda wapi, dada?"

Jamani, mwanamume usiyemjua akikuuliza hivyo njiani, tena ana karatasi, utamwambia? Theopista alikuwa akienda Buguruni kukusanya oda za vitunguu vya shangazi yake, Severa, mwenye duka la jumla pale Kariakoo. Lakini mwaka ule maduka ya watu binafsi yalikuwa yakitazamwa kwa jicho kali, na mtu mwenye fomu hakuwa mtu wa kupiga naye soga.

"Upanga, hospitali," akasema. "Naenda kumwona mgonjwa."

"Mgonjwa ni nani wako?"

Swali hilo halikuwamo kwenye fomu. Theopista aliliona hilo, akatabasamu kidogo, kisha akamkata maini.

"Mchumba wangu."

Ikambidi apande basi la Upanga, maana kijana alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Akashuka kituo cha pili, akarudi mbio kwa miguu kutafuta la Buguruni, akitukana kimoyomoyo.

Ikawa hivyo wiki mbili. Kila asubuhi Kasmir alimwulizia mchumba, na kila asubuhi Theopista alimwongezea mgonjwa wake maradhi: mara mguu umevunjika, mara umefungwa plasta, mara plasta inawasha. Kasmir, maskini, akaanza kuleta machungwa. Alikuwa amempenda yule binti vibaya sana, akawa anamwombea mchumba wake apone, halafu anajiuliza kama kweli anataka apone. Theopista aliyala machungwa ndani ya basi huku roho ikimsuta, na yalikuwa matamu. Alishaanza kuamka saa kumi na moja alfajiri kupiga gauni pasi. Mtu haamki saa kumi na moja kujipamba kwa ajili ya vitunguu.

Siku ya mwisho ya kuhoji, Kasmir aliomba namba ya simu, eti idara ikitaka maelezo zaidi. Dukani kwa shangazi hakukuwa na simu. Theopista akampa ya Mzee Tulsidas, muuza vitambaa wa jirani.

Simu ikalia Jumanne, siku moja kabla ya mkutano. Mzee Tulsidas alimwita Theopista kwa sauti iliyosikika mpaka duka la tatu, akamwambia kuna kijana anahema kama aliyekimbizwa.

"Theo, karatasi yangu ya utafiti imekubaliwa," Kasmir alisema. "Naisoma kesho saa nne, ukumbi wa pale karibu na Posta, na wakubwa wa mabasi watakuwepo. Katika kila wanawake watano pale kituoni, wawili wanaenda hospitali. Nani angejua? Nimependekeza mabasi sita yatolewe njia ya Buguruni, yahamishiwe Upanga. Hutasukumwa tena ukienda kumwona mgonjwa wako."

Theopista alishika ukingo wa meza. Foleni nzima ilimjia machoni. Benedikta, muuza mihogo, alisema ana mama mkwe wodini, na huyo mama mkwe yuko Buguruni mzima wa afya, anamsaidia kukaanga. Wote walidanganya kama yeye. Mabasi sita yakiondoka, wanawake wale watafika sokoni saa nne, wateja wameshaondoka.

"Kasmir, sina mgonjwa," akasema. "Wala mchumba sina. Tulikuwa tunaenda Buguruni, sisi sote. Mimi nafuata oda za vitunguu vya duka la shangazi yangu hapa Kariakoo. Tulikuogopa wewe na fomu yako."

"Na machungwa?"

"Niliyala."

Kasmir akakata simu. Aliamini kwamba wiki mbili nzima amekuwa akichekwa. Theopista aliamini kwamba Kasmir anapenda karatasi yake kuliko anavyompenda yeye. Hakula siku hiyo, na alipoulizwa na shangazi alisingizia jino.

Kesho yake aliazima kitenge kipya cha shangazi, akavaa viatu virefu, akaingia ukumbini kichwa juu. Mlinzi akadhani ni mjumbe, akamwonyesha kiti. Ukumbi ulikuwa umejaa. Wageni wa Nairobi na Lusaka walikuwepo, ramani za barabara zimebandikwa ukutani, na mtu mmoja alikuwa akimaliza kueleza habari za malori ya bandarini kwa furaha kama anaeleza mpira. Theopista alikuwa ameamua: Kasmir akiyasoma yale mapendekezo, atasimama apige kelele, na kama ni kutolewa wamtoe.

Kasmir akapanda.

"Ndugu mwenyekiti, takwimu zangu si za kweli," alisema. "Nilisimama njiani, mwanamume nisiyejulikana, nikawauliza wanawake wanakokwenda. Wakanidanganya, na walikuwa na haki. Naomba mabasi ya Buguruni yasiguswe."

Kicheko kikapita safu za mbele. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani mizito, akataka kujua amelijuaje hilo. Kasmir akajibu kwamba ameambiwa na mtu anayemwamini. Mwenyekiti akasema watafiti hawafanyi kazi hivyo: amtaje shahidi wake, la sivyo karatasi itabaki ilivyoandikwa na mapendekezo yatapelekwa kwa wakubwa wa mabasi. Jina lake nani?

Kasmir akainamisha kichwa. Jina hilo lingeingia kwenye kumbukumbu za mkutano, pamoja na duka la jumla la Kariakoo. Hakulitaja, ingawa kazi yake ilikuwa ikimponyoka mbele ya watu mia tatu.

Hapo ndipo Theopista alipoelewa kwamba anapendwa. Furaha na hofu vilimpanda pamoja, akasimama.

"Ni mimi."

Vichwa vyote vikageuka. Mwenyekiti akamwuliza anatoka taasisi gani.

"Sina taasisi. Naitwa Theopista, nauza vitunguu Kariakoo, duka la shangazi yangu. Nilisema naenda hospitali kumwona mchumba, na mchumba sina. Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alidanganya, na aliyekuwa nyuma yake pia. Mkitaka ukweli, tumeni wanawake wakaulize."

Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, kisha ukumbi mzima. Mwenyekiti akasubiri watulie, akaamua: karatasi iondolewe, utafiti urudiwe na wahoji wanawake, na basi lisihamishwe hata moja mpaka majibu yapatikane. Hakuna aliyeuliza habari za leseni ya duka. Mkubwa mmoja wa mabasi alitaka tu kujua kama vitunguu vyekundu bado vipo.

Kasmir alimkuta ngazini, juani.

"Nilidhani ulikuwa unanicheka," akasema.

"Na mimi nilidhani unaipenda karatasi kuliko mimi."

"Naipenda sana. Ndiyo maana leo nimejua nakupenda kiasi gani." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Nataka kupeleka barua kwa shangazi yako. Nipe wiki mbili, nitafute mshenga anayejua kuzungumza."

Theopista alitazama magari yakipita.

"Twende leo, mpenzi. Nakutaka, na leo nina ujasiri wa kulisema. Tena itabidi nimwambie kwamba nimelitaja duka lake mbele ya wakubwa wote."

"Basi tutamwambia sote wawili," Kasmir akasema, akavua viatu vilivyokuwa vikimuumiza, wakashika njia ya Kariakoo.