Fundi Sikio Alipoitika

Habari hii aliyenipa kwanza ni wifi yangu, mke wa kaka yangu Fundi Sikio, siku nilipokwenda kumjulia hali mtoto wao, nami wangu nikiwa nimembeba mgongoni. Alinisimulia huku tukikunja nepi chumbani, na kila baada ya maneno machache alisimama kuchungulia uani, mahali ilipo gereji.

Kaka anaitwa Sikio kwa namna yake ya kufanya kazi. Gari likiletwa na mlio, hana haraka ya kufungua nati. Hulipandisha kwenye jeki, akaagiza magurudumu yazungushwe, kisha huchukua bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye chuma na mpini akaubana sikioni, kama daktari. Husogea polepole, kutoka beringi hadi ekseli, kutoka ekseli hadi difu, lile kasha la gia la nyuma. Akishaupata mlio ulipo, hugonga hapo mara mbili kwa spana na kusema, "Naam!" Wateja hucheka.

Pikapu nyeupe ililetwa saa nne asubuhi na dereva aliyevaa kofia ya sufu juani.

"Linalia wapi?" kaka akamuuliza.

"Sikiliza mwenyewe, fundi."

"Basi niigizie. Linavuma au linagonga?"

Dereva akatikisa kichwa. "Mdomo wangu usiingie katika hili."

"Heh! Nimekuuliza mlio tu, sijakuuliza siri za ndoa yako."

Dereva hakucheka. Aliweka ufunguo juu ya boneti akaondoka kwa miguu, bila kuacha hata namba ya simu. Wifi, aliyekuwa akianika nguo, aliona anatembea kama mtu aliyetua mzigo. Hakupenda.

Kaka akalijaribu barabarani. Ngu, ngu, ngu, kisha kimya. Akikata kona ya kushoto, uzito wa gari ukaenda kulia na mlio ukazidi. Akikata ya kulia, uzito ukaenda kushoto na mlio ukanyamaza.

"Beringi ya nyuma kulia," akasema aliporudi, tena kwa furaha. "Kazi ya nusu siku."

Akabadilisha beringi. Mlio ukabaki. Akahamisha gurudumu la kulia kushoto na la kushoto kulia. Ukabaki. Akafungua propela, chuma kile kirefu kinachopeleka nguvu nyuma, akakilaza sakafuni. Ukabaki. Mwisho akazima injini. Gari liko juu ya jeki, magurudumu yamevuliwa, hakuna kinachozunguka, na bado: ngu, ngu, ngu. Kimya. Ngu, ngu, ngu. Kimya.

"Baba, liache hilo gari," wifi akamwambia kutoka mlangoni.

"Chuma kinapoa tu."

"Tangu lini chuma kikapoa kwa kuhesabu?"

Kaka akachukua bisibisi akaingia chini ya gari, ikabaki miguu yake tu. Wifi akasikia spana ikigonga mara mbili, na sauti ya mumewe, kwa mazoea tu: "Naam!"

Mlio ukakoma papo hapo. Ndani, mtoto wao wa miezi minane, aliyekuwa amelala, akacheka.

Kuanzia siku ile nywele za mtoto zikanuka grisi iliyoungua. Wifi akamshuku mumewe.

"Unamshika na mikono hiyo hiyo?"

"Mimi nanawa. Wewe unamwogesha kweli?"

Wakawa wanachunguzana vidole kama watu wanaoibiana. Mtoto akakonda. Kisha alasiri moja wifi akamlaza kwa ubavu wa kulia ili amfunge nepi, akainama, na sikio lake lilipogusa mgongo wa mwanawe akausikia ule mlio, ngu, ngu, ngu, ukitoka mbali kuliko kifua cha mtoto kinavyoweza kwenda, akamgeuza upesi ubavu wa kushoto ukanyamaza, akamrudisha wa kulia ukaanza tena, kushoto ukanyamaza, kulia ukaanza, mpaka akajikuta anapiga kelele za kumwita mumewe naye anafika na bisibisi mkononi, hajui aifanyie nini.

Wakamwita mama mmoja mganga, wakamsimulia habari ya dereva na gari lake. Hakuvuka kizingiti.

"Nani kati yenu ameitika?" akauliza.

Kaka akainamisha kichwa.

"Lililo ndani ya gari lilikuwa linabisha hodi, wewe ukalikaribisha. Yule dereva alijua, ndiyo maana hakufungua mdomo. Sasa mpakate mwanao. Litakuita. Ukiitika tena, umempoteza."

Kaka akakaa na mtoto kifuani mchana kutwa. Likamwita kwa sauti ya mteja. Likamwita kwa sauti ya wifi, naye wifi amekaa mbele yake, midomo imefungwa. Jua lilipokaribia kuzama likamwita kwa sauti ya marehemu mama yetu, kwa jina lake la utotoni, likimwomba maji. Kaka alijiuma ulimi mpaka ukatoka damu, lakini hakuitika.

Mtoto akapiga chafya, akataka kunyonya.

"Limemtoka," mganga akasema. "Uani halijatoka. Litatafuta mwingine mwenye adabu ya kuitika."

Wifi aliponyamaza nikamuuliza kwa kunong'ona, "Na lile gari?"

"Lipo. Nani aliguse?"

Mwanangu akajigeuza mgongoni. Uani kukawa kimya, kimya cha mtu anayesubiri. Kisha kaka akaniita, "Kisauti!" Ni yeye peke yake anayeniita hivyo, kwa sababu ya upole wangu. Nasi kwetu tulilelewa hivi: mkubwa akikuita, usimwache aite mara ya pili.

"Naam!"

Wifi akanidaka mkono, nepi zikaanguka.

"Wifi," akasema polepole, "kaka yako yuko mjini tangu asubuhi. Amefuata vipuri."

Uani, chuma kikagonga chuma mara mbili.

Nilirudi nyumbani nisimwambie mtu. Asubuhi yake, kabla mume wangu hajaamka, nilimtoa mwanangu kwenye neti na kunusa nywele zake. Nikamlaza kwa ubavu wa kulia, nikaweka sikio mgongoni pake, nikasikiliza kwa muda mrefu. Kisha nikamgeuza ubavu wa kushoto, na mlio ukanyamaza.