Chini ya Pikapu ya Babu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, Atoo na babu yake waliosha pikapu. Atoo alichota maji kwenye tangi, Babu akakoroga sabuni ndani ya ndoo, kisha wakaanzia kwenye paa na kushuka taratibu mpaka kwenye magurudumu. Ilikuwa pikapu nyeupe ya zamani. Babu, Mzee Okeny, aliinunua alipostaafu upolisi, na kwa miaka mingi aliitumia kubebea samaki wa chumvi kutoka Ziwa Albert hadi sokoni Kampala. Sasa kifua kilimsumbua, na biashara ilikuwa imesimama. Lakini harufu ya samaki haikustaafu. Paka wa mtaa wao wa Kawempe waliijua pikapu ile, na kila Jumamosi walikuja kukaa juu ya ukuta kuitazama ikioshwa.

"Afande, wageni wako wamefika," alisema Moreen, binti wa jirani, akiwaonyesha paka kwa kidole.

"Waambie ofisi imefungwa," Babu akajibu bila kugeuka.

Moreen alicheka. Kisha akamtazama Atoo aliyekuwa akileta ndoo. "Na wewe, mbona siku hizi unatembea kama bata?"

"Bata ni wewe," Atoo akasema, akajitahidi kunyoosha hatua.

Ukweli ni kwamba viatu vyake vya shule vilikuwa vimekuwa vidogo, na vidole vyake vilikuwa na malengelenge. Hakumwambia mtu. Katika nyumba ile dawa za Babu zilitangulia mambo mengine yote, na Atoo aliona haya kutaja viatu.

Mama yake Moreen alimwita, naye akakimbia kwao. Babu alipokuwa akisuuza kitambaa, brashi ikamponyoka Atoo na kubingirika chini ya gari. Atoo akalala kifudifudi, akaingia kuifuata.

Hakuwahi kuingia huko. Aliona vyuma viwili virefu vilivyotoka mbele ya gari mpaka nyuma. Babu aliwahi kumwambia kwamba vyuma hivyo huitwa chasisi, na kwamba ndivyo vinavyobeba gari lote pamoja na watu na mizigo yao. Vilikuwa vimepakwa rangi nyeusi, vinang'aa kama vipya. Atoo alishika kimoja ili ajivute kutoka. Rangi ikapasuka. Kipande kikubwa kikabaki mkononi mwake, na nyuma yake hapakuwa na chuma, bali tabaka za unga wa kahawia, kama gome la mti uliooza. Kidole chake kikazama ndani ya tundu.

"Babu! Chuma kimeoza!"

Babu alishika mlango, akainama polepole kwa sababu ya kifua chake, mpaka uso wake ukaonekana.

"Toka huko," alisema kwa sauti ya chini. Atoo alipotoka, Babu alichukua kile kipande cha rangi, akakitia mfukoni. "Ni kutu. Maji ya chumvi ya samaki yalichuruzika huko miaka yote. Sisi tuliosha huku juu tu, panapoonekana."

"Na rangi nyeusi?"

"Niliipaka mimi. Kabla ya Pasaka." Alikohoa, akasubiri pumzi irudi. "Usimwambie Bibi wala mjomba wako. Nikipata nafuu nitalipeleka Katwe, mafundi wakate chuma kibovu na kuchomelea kipya. Wakijua sasa, wataliuza kama chuma chakavu. Hapa mtaani naweza kuliendesha polepole. Mbali siwezi. Hili halifiki hata daraja la Karuma, sembuse kwetu Kitgum. Umenielewa, konstebo?"

Alipiga saluti. Atoo naye akapiga saluti, mkono wake ukiwa umejaa povu.

Mchana ule Bibi alimwandalia Babu chakula, ugali wa posho na mchuzi wa simsim, kisha akatoka kwenda kukaa nje peke yake. Ilikuwa hivyo tangu Pasaka. Siku zile za Pasaka dada yake Babu, aliyeitwa Anena, alifariki huko Kitgum. Miaka yote, msiba ukitokea, Babu ndiye aliyewabeba watu wa ukoo kwa pikapu yake. Safari ile alikataa kwenda. Alisema magoti yanamuuma. Bibi alipanda basi peke yake, na kule mazishini kila mtu alimuuliza, "Okeny yuko wapi? Hakuja kumzika dada yake?" Aliporudi alimpikia mumewe na kumfulia kama kawaida, lakini hakuketi naye tena kula.

Nafuu ambayo Babu aliingoja haikuja. Mvua za mwezi uliofuata zilimkuta hospitalini, na asubuhi moja Juliet, mama yake Atoo, alirudi nyumbani akiwa amebeba blanketi la Babu tu. Bibi alilichukua lile blanketi, akalikunja vizuri, akalifunua, akalikunja tena.

Watu walijaa uani. Turubai lilifungwa kati ya nyumba na ukuta, na jeneza likawekwa sebuleni. Mjomba Kidega, mwanajeshi, alifika kutoka kambini akiwa bado na sare. Alisimama mbele ya jeneza la baba yake kwa muda mrefu, kisha akatoka nje akiwa ameshapanga safari kichwani.

"Tangu zamani mzee alisema siku yake ikifika tusimkodishie gari," aliwatangazia watu. "Alisema apelekwe Kitgum kwa pikapu yake. Kesho asubuhi nitaendesha mimi. Jeneza litakaa nyuma, na kina mama watakaa kulizunguka."

"Ndivyo alivyosema," Bibi aliitikia kutoka mkekani.

Kesho yake vijana waliosha pikapu, wakaifunga majani ya kijani mbele. Paka walikaa ukutani kama kawaida yao. Atoo alisimama nyuma ya tangi la maji akilia, na Moreen akamfuata.

"Usilie peke yako," Moreen alisema. "Njoo tukae pamoja."

Ndipo Atoo akamweleza yote: brashi, rangi nyeusi, tundu lililomeza kidole chake.

"Banange!" Moreen akashika mdomo kwa mshtuko. "Na uliahidi hutasema?"

"Tulipigiana saluti."

Moreen alifikiri. Alijua saluti kwa Mzee Okeny haikuwa mchezo. Kisha akatazama pikapu, ambamo wanawake walikuwa wakitandika mikeka. "Atoo, mama yangu atakaa humo. Na mama yako pia."

Atoo alipangusa macho, akaenda moja kwa moja kwa mjomba wake, aliyekuwa akikaza kamba.

"Mjomba, tafadhali usiendeshe gari hili. Chini limeoza."

"Nani kakwambia?"

"Nimeona mwenyewe. Chasisi ina kutu. Babu alijua."

Kidega aliinama, akachungulia chini, akainuka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Chasisi ni nyeusi, inang'aa. Atoo, mwanangu, hata mimi sitaki mzee aondoke. Lakini tumwache aende nyumbani. Nenda ukakae na mama yako."

"Siyo hivyo, Mjomba..."

"Nenda."

Ndani, wanaume sita walikuwa wameshaanza kuvua viatu kwa heshima ili waliinue jeneza. Atoo alipita kati yao, akapiga magoti mbele ya Bibi. Alisema kwa haraka, kwa kuwa alijua akisita atashindwa kuendelea. Alimwambia kuhusu chumvi, na kutu, na jinsi Babu alivyosema gari halifiki hata Karuma.

"Aliniambia nisikwambie, Bibi. Alisema atalipeleka gari Katwe akipona."

Bibi hakupiga kelele wala hakumgombeza. Aliuliza jambo moja tu. "Hiyo rangi aliipaka lini?"

"Alisema kabla ya Pasaka."

Bibi alifumba macho. Mkono wake ulitafuta ubavu wa jeneza, ukatulia juu yake.

"Kabla ya Pasaka," alirudia polepole. "Kumbe hayakuwa magoti."

Kisha akainuka. "Wanangu, ngojeni kidogo. Msimwinue bado." Alitoka nje akiwa ameshika mkono wa Atoo. "Kidega, ingia chini ya gari."

"Mama, muda unakwenda. Na nimevaa sare."

"Hata baba yako alivaa sare. Chukua spana, uingie. Usitazame rangi. Gonga."

Kidega alichukua spana ya magurudumu, akalala chali kwenye matope, akajisogeza chini ya pikapu mpaka yakabaki kuonekana mabuti yake tu. Aligonga mbele, chuma kikalia. Akagonga katikati, kikalia tena, lakini hafifu. Akagonga nyuma, karibu na springi. Safari hii hapakuwa na mlio. Ilisikika kama mtu anayepiga gunia. Vipande vya kahawia vikaanguka chini, kisha spana yenyewe ikazama na kukwama.

Watu walingoja atoke. Hakutoka. Mabuti yalitulia kidogo, halafu yakaanza kutikisika. Kidega, ambaye tangu afike hakuna aliyemwona akidondosha chozi, alikuwa akilia chini ya gari la baba yake, na hakuna aliyethubutu kumwita.

Alipotoka, uso wake ulikuwa na vumbi la kutu na mistari ya machozi. Alipiga goti mbele ya Atoo.

"Nisamehe. Ulisema kweli, nami nikakufukuza. Kwa uzito ule wote, lingekatika vipande viwili kabla hatujafika mbali." Akamgeukia mama yake. "Sasa mzee ataendaje? Tulimwahidi."

Aliyejibu alikuwa Mzee Wahabi, aliyefanya kazi ya polisi pamoja na Babu, na ambaye alikuja alfajiri kutoka Old Kampala mara tu baada ya swala. Alikuwa na lori la kubebea matofali, limeegeshwa barabarani.

"Langu lina vumbi, lakini chini ni zima. Wiki iliyopita niliingia mwenyewe kulikagua," alisema. "Okeny alikuwa akilicheka. Alisema linatembea kama kobe. Basi leo atalipanda, apende asipende."

Baadhi ya watu walicheka huku wakilia. Vijana walifagia lori. Lakini Kidega alikuwa bado ameitazama pikapu. Akachukua spana, akafungua bawaba za mlango wa nyuma, ule ambao Babu aliushusha kila jioni na kuufanya benchi lake. Aliugonga kila upande. Ukalia vizuri.

"Huu ni mzima," alisema. "Mzee ataulalia."

Wakautandaza mlango ule kwenye sakafu ya lori, wakaweka jeneza juu yake. Kidega akasimama wima, akapiga saluti, na Mzee Wahabi akapiga. Kisha wakaondoka. Walivuka Mto Nile pale Karuma wakati jua likianza kuinama, kina mama wakiimba, na hakuna aliyesema kuhusu mwendo wa kobe.

Kesho yake walimzika Babu kando ya kaburi la dada yake. Jioni, watu walipopungua, Kidega alimwambia Bibi, "Nikirudi Kampala nitaipeleka pikapu Katwe. Wakiweza kuitengeneza, sawa. Wakisema haifai, haitarudi barabarani, wala sitamuuzia mtu huku nikimficha ubovu wake."

Bibi alitikisa kichwa kukubali. Atoo alikuwa ameketi karibu naye, nje ya nyumba. Alikuwa na swali lililomsumbua njia nzima.

"Bibi, nilimpigia Babu saluti kwamba sitasema. Nimemvunjia heshima?"

"Hapana, mwanangu. Babu yako alikaa nyumbani siku ya kumzika dada yake ili asije akaua watu barabarani. Jana ungenyamaza, tungefanya lile lile alilolikataa. Uliposema, ulimlinda." Bibi alitazama udongo mpya wa kaburi. "Kosa lake lilikuwa moja. Aliona haya. Watu wote walimjua kwa gari lile, akashindwa kupanda basi na kuwaambia kwamba gari lake limeharibika. Kutu ile ilipokuwa ndogo, angeisema ingekatwa. Akaipaka rangi, nayo ikaendelea kula humo ndani. Ilikula chuma. Ikala safari yake ya kumzika Anena. Ikala na maneno yetu mimi na yeye. Nilidhani ana roho ngumu, Atoo. Siku zake za mwisho nilimwacha ale peke yake."

Atoo alimshika mkono.

"Kwa hiyo ukiwa na kasoro, iseme mapema," Bibi aliendelea. "Iseme hata kama unaona haya. Anayekupenda hawezi kukusaidia kwa jambo asilolijua." Alimgeukia mjukuu wake. "Na wewe? Kuna kitu unanificha?"

Atoo alitazama chini.

"Viatu vyangu, Bibi. Vinanibana."

Bibi aliivuta miguu ya Atoo, akaiweka mapajani mwake, akafungua kamba za viatu taratibu, kimoja baada ya kingine. Aliona vidole vilivyochubuka, akavifunika kwa viganja vyake vyote viwili.

"Tangu lini?" aliuliza.

Na Atoo akamwambia.