Uyoga Usioguswa na Mchwa

Soko la Rumonge lilikuwa limefurika watu pale Cibalonza, mwanafunzi wa kemia kutoka Bujumbura, alipochutama mbele ya fungu la uyoga, sketi yake nyeupe ikipanguza magamba ya samaki bila yeye kujali.

"Mamuzeli, huo ni wa kula, si wa kutazama," akatania mtu nyuma yake. Alikuwa Pontiani, mkamua mawese, shati limeiva rangi ya mafuta hadi kwenye viwiko.

Akamjibu kwamba anatafuta usiolika. Basi Pontiani akampeleka kwenye michikichi yao. Katika gogo lililooza mchwa walikuwa wamekula kila kitu, ila uyoga mmoja wa kahawia wameuzunguka bila kuugusa. Bibi yake Pontiani, mzaa mama, alikuwa akiuchemsha kuoshea vidonda. Cibalonza nusura aruke: uyoga, akamweleza, hutengeneza alkaloidi, kemikali za kujikinga na wanaoutafuna, na humo watu wamewahi kupata dawa.

Mapenzi nayo hayakuchelewa. Kila siku simu. "Sheri, unapenda mimi ao uyoga?" "Uyoga kwanza," Cibalonza anamjibu, anacheka mpaka machozi.

Kisha Profesa Ntakirutimana, mwalimu wa Cibalonza, mama wa miwani na viatu vinavyong'aa, akaja Rumonge kuchukua uyoga. Pontiani akatokea na mabuti ya matope, ananuka mawese, mkono ameunyoosha kumshika mpenzi wake. Lo, Cibalonza akamwonea haya. "Profesa, huyu iko mubebaji wetu tu," akasema. Pontiani akaushusha mkono. Akabeba masanduku ya uyoga mpaka garini, akashukuru kwa kusema murakoze, na tangu siku hiyo simu za Cibalonza hakupokea.

Miezi mitatu baadaye, maji ya uyoga ule yaliua vijidudu vya vidonda katika labo. Profesa akaonya kuwa dawa bado iko mbali, huenda hata ikawa sumu, kisha akauliza nani aliyegundua habari ya mchwa. Wanafunzi wote walimgeukia Cibalonza. Akalia. "Ni yule niliyemwita mubebaji. Iko muchumba wangu."

Kesho yake alimkuta Pontiani kwenye mashine ya kukamulia, katikati ya wenzake. Alipiga magoti na kitenge chake kipya juu ya makapi ya mawese, akasema wote wasikie: "Nilikukana, Pontiani. Nisamehe, unioe."

Macho ya Pontiani yalijaa maji. "Ulinikana mbele ya profesa. Nitakujibu mbele yake."

Cibalonza hakuthubutu kuinua uso. Alinyoosha kidole tu kuelekea barabarani, ambako profesa, aliyekuja naye, alikuwa ameshashuka garini, akiuliza watu Pontiani ni yupi.