Ampli ya Gosbert na Ndege wa Kivukoni

Jamani wana Kilombero, nisikilizeni, maana bado nina hasira na hasira zangu zina sababu.

Nyumba ya Gosbert na Restituta ilikuwa nyumba ya kupendeza pale mtaani kwetu Ifakara. Mwaka huu walipata mtoto wao wa kwanza, Tekla, na ng'ambo ya mto pale Kivukoni mpunga wao ulikuwa umetoa mashuke. Restituta alijifungua kwa upasuaji, akakatazwa kazi nzito na safari za shambani. Mimi jirani yake nikawa nampelekea uji. Asubuhi mtoto ananyonya, mama anatabasamu, baba anaaga kwamba anakwenda kuamia. Nani asingesema Mungu ameibariki nyumba ile?

Kuamia mnakujua. Mpunga ukianza kutia maziwa, punje zikiwa bado laini, mtu anakaa shambani tangu alfajiri mpaka jua linazama, anapiga makopo na kupaza sauti ili ndege aina ya kwelea kwelea wasitue. Kazi hiyo haihitaji elimu, inahitaji mtu awepo. Na shamba lile ndilo lilikuwa chakula cha mwaka mzima cha mama na mtoto wake. Hawakuwa na lingine.

Sasa Gosbert ana ampli, mashine ya kukuzia sauti ya muziki, anayoipenda kupita kiasi. Akapata wazo, eti kupiga makopo ni mambo ya kizamani. Atapakua mlio wa kipanga kwenye simu, aufungulie kwa ampli na spika kubwa kwa betri ya sola, ndege wakimbie huku yeye amekaa kivulini. Wazo si baya, sikatai. Ubaya ni kwamba alilipeleka kwa Deogratias, fundi redio wa sokoni, kabla ya kulipeleka shambani.

Ampli hiyo ina sehemu ya dijitali ndani yake, ile inayopokea muziki wa simu na kuugeuza uwe sauti, mafundi wanaiita kigeuzi. Deogratias alipoiwasha, kipanga alilia na mngurumo kidogo nyuma yake. Basi mgogoro ukaanzia hapo. Fundi akasema kigeuzi hakifai kukaa ndani, kinabanana na transfoma na kudaka mngurumo wake. Kiwekwe pembeni kwenye kiboksi chake, na siku kikifa unabadilisha hicho tu, ampli inabaki. Wateja wakapinga: kila kitu kikae ndani ya boksi moja, waya chache, hakuna cha kuchomoka wala kupotea. Wakagawanyika, Wa Ndani na Wa Nje, wakabishana utadhani Simba na Yanga. Na Gosbert, baba wa mtoto mchanga, akawa anahama upande kila kukicha.

Kila alfajiri mkewe alimfungia wali na samaki, akijua unakwenda shambani. Wali ule uliliwa sokoni, na wale wabishi wakausifu kwa mdomo uliojaa. Mnaona mambo hayo? Mwanamke tumbo lina mshono, anasimama jikoni kwa kujikongoja, halafu chakula chake kinawapa watu nguvu za kubishania mlio wa ndege!

Mzee Wendelin, ambaye shamba lake linapakana na lao, alimpigia Gosbert simu kumwambia ndege wote wanatua kwenye shamba lake Gosbert, kwa sababu majirani wanawafukuza kwao. Gosbert akamjibu avumilie, mtambo unakaribia kukaa sawa. Akapigiwa tena, jibu likawa lilelile. Mwisho mzee akapanda baiskeli mpaka nyumbani. Nilikuwepo. Restituta alimwamkia shikamoo, kisha akamshukuru kwa kumpa mumewe kampani kule shambani.

"Mwanangu, mimi shambani kwenu sijaona mtu tangu mpunga utie maziwa," alisema mzee.

Restituta hakulia. Aliomba bajaji. Nilimkataza, hakunisikia, basi nikambeba Tekla tukaenda wote mpaka ng'ambo ya daraja.

Tulimkuta Gosbert. Siku hiyo ndiyo aliyochagua kuleta mtambo wake. Wa Nje walikuwa wameshinda: kigeuzi kipya juu ya ampli, waya zimepangwa vizuri, spika zimeelekezwa shambani. Alifurahi kutuona. Mpunga wenyewe hakuwa ameutazama. Mkulima angejua akiwa bado barabarani, maana shuke lenye punje huinama, na yale yalikuwa yamesimama wima shamba zima, meupe.

"Mama Tekla, hebu sikiliza hii," alisema, akabonyeza simu.

Mlio wa kipanga ukatoka safi, bila mngurumo hata kidogo. Hakuna ndege aliyeruka, kwa kuwa hapakuwa na ndege. Walikwisha kula wakamaliza, wakaenda zao.

Restituta alivunja shuke moja, akalifikicha kiganjani, akapuliza. Hakikubaki kitu. Akamwonyesha mumewe kile kiganja.

"Sauti imetoka vizuri, baba Tekla. Sasa niambie, hiyo naipikaje?"

Gosbert akazima simu. Restituta amerudi kwa wazazi wake Mahenge na mtoto, kwa sababu kule kuna cha kula. Gosbert anavuna mpunga wa mzee Wendelin kwa kibarua. Na pale sokoni bado wanabishana, hawana hata haya.

FUNZO

Sina ugomvi na ampli. Kigeuzi kikae ndani au nje, vyote vinatoa sauti, na ndege hawachagui. Kilichoiangamiza nyumba ile ni mtu kuhangaikia ubora wa chombo mpaka akaiacha kazi ya chombo, kisha akamdanganya mkewe. Baba, ukiaga kwamba unakwenda kuamia, nenda kaamie. Kopo bovu lililoko shambani linafukuza ndege. Mtambo mzuri ulioko mezani kwa fundi haufukuzi hata nzi. Nanyi mliokuwa mkila wali wa Restituta huku mnajua shamba lake halina mtu, mjue mlichokula kilikuwa chakula cha Tekla.