Mche wa Barafu kwa Bibi

Kila siku baada ya masomo, Tukummeq alipitia ghala la samaki kuchukua nyama ya kuwalisha mbwa wao. Chumba cha baridi cha ghala hilo kilitumiwa na mji mzima wa Qaanaaq, mji mdogo wa kaskazini ya mbali, kila familia ikiwa na rafu yake ya nyama ya sili na samaki. Aliyekitunza ni Mjomba Masauna, kaka wa mama yake.

"Pisheni njia, mkaguzi wa serikali amefika!" Masauna alisema huku akimpigia saluti kwa ufagio. "Leo unakagua nini, mheshimiwa?"

"Nakagua kama umeoga, Mjomba."

"Basi nimefeli. Chukua nyama yako uende zako."

Mwezi ule wa Mei, kona moja ya chumba ilikuwa imejaa masanduku meupe. Yalikuwa ya wanasayansi walioongozwa na mwanamke aitwaye Daktari Signe. Walikuwa wamepiga kambi kwenye barafu kuu iliyo nyuma ya mji, wakaitoboa kwa mashine na kuvuta kutoka chini miche mirefu ya barafu, mviringo kama magogo membamba. Sasa walisubiri ndege ya kuyachukua masanduku.

"Ukigusa nyama ya mtu, utasamehewa," Masauna alimwambia. "Lakini masanduku yale, hata usiyapumulie."

Nyumbani, Bibi alikuwa amelala kando ya dirisha. Muuguzi alikwisha kusema kwamba dawa haziwezi tena kumsaidia. Bibi hakulalamikia maumivu. Alilalamikia chai.

"Maji haya yana ladha ya tangi," alisema akisukuma kikombe. "Nileteeni barafu ya kale. Lile jabali si lile pale? Mbona naliona?"

Hata Tukummeq aliliona: jabali kubwa la barafu lililokwama ghubani. Miaka mingine mtu angefunga mbwa kwenye sleji, kigari cha kuteleza juu ya barafu, asubuhi na kurudi na barafu kabla ya chakula cha mchana. Mwaka huu barafu ya bahari ilikuwa imeoza mapema. Ilikuwa laini mno kwa sleji, na bado nzito mno kwa mashua. Mama alikuwa amejaribu. Alirudi amelowa hadi kiunoni, mbwa wakitetemeka.

"Nimeshindwa, Mama," alimwambia Bibi. "Nikienda tena, mtatuzika wawili."

Bibi akageuza uso ukutani. Tukummeq hakuweza kuutazama mgongo ule mwembamba. Akafikiria masanduku meupe. Tangu azaliwe hakuwahi kumwona mtu akiomba ruhusa ya kuchukua barafu. Barafu ina mwenyewe?

Kesho yake, Masauna alipotoka kuvuta sigara, Tukummeq alifungua sanduku la chini, akachomoa mche mmoja uliofungwa kwa plastiki na kuutia katika gunia la nyama.

Nyumbani alivunja kipande akakitumbukiza kwenye bilauri ya maji. Barafu ilianza kulia, ta-ta-ta, kama kuni kavu motoni. Bibi akafumbua macho.

"Hiyo ndiyo yenyewe! Umeitoa wapi?"

"Mjomba kanipa."

"Mwanangu Masauna," Bibi alisema kwa furaha. "Mungu ambariki." Akanywa yote. Siku iliyofuata alikunywa chai ya barafu ile ile, akamsimulia Tukummeq jinsi alivyoanguka kwenye sleji siku ya harusi yake. Asubuhi ya tatu hakuamka.

Nusu ya mche ilikuwa imebaki. Tukummeq aliificha ndani ya friza ya nyumbani, chini ya nyama ya sili. Hakujua anamtunzia nani.

Siku mbili baada ya mazishi, Signe alikagua masanduku akakuta mche mmoja haupo. Meneja wa ghala alimwita Masauna, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika ufunguo.

"Sijui," Masauna alisema.

"Kama hujui wewe, ajue nani?" Meneja alinyoosha mkono. Masauna akampa ufunguo.

Qaanaaq ni ndogo, na maneno hayahitaji mbwa wa kuyavuta. Shuleni, mvulana mmoja aitwaye Aqqaluk alipaza sauti: "Eti mjomba wako amewauzia walevi barafu ya wageni watie kwenye pombe!" Darasa zima likacheka. Siku nyingine Tukummeq angemjibu mpaka alie. Siku ile aliinama, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Jioni Masauna alikaa jikoni kwao pamoja na Mama, mikono yake mikubwa imelala mezani bila kazi. "Mwizi wa barafu, hapa Qaanaaq!" alisema. "Mama yetu angekuwepo angecheka mpaka akakohoa."

Tukummeq alijua kwamba neno lake moja lingemrudishia mjomba ufunguo. Lakini je, watu wangesemaje? Kwamba yule bibi mzee alikufa na kitu cha wizi mdomoni? Alimtazama mjomba. Kisha akaenda kwenye friza, akafukua nyama, akaiweka ile nusu ya mche mbele yao.

"Ni mimi. Nilimpa Bibi."

Masauna aliitazama barafu, hakumtazama yeye. Mama akasimama. "Vaa viatu," alisema.

Walikwenda wote watatu hadi nyumba ya wanasayansi, barafu ikiwa ndani ya kasha la baridi. Tukummeq alisimulia yote, na Signe akasikiliza bila kumkatiza. Akaigeuza barafu kidogo chini ya taa, akairudisha upesi ndani ya kasha.

"Ilikuwa inalia kwenye maji?" aliuliza.

"Ndiyo, Daktari."

"Hiyo ni hewa, Tukummeq. Theluji ya kila mwaka huilalia ya mwaka uliopita. Ikigandamana hufungia hewa ndani, hewa waliyovuta watu wa kale. Sisi huitoa ndani ya chombo kilichofungwa, tukaipima. Hivyo ndivyo tunavyojua anga imebadilika kiasi gani, na kwa nini barafu yenu ya bahari inaoza mapema. Miaka iliyokuwa katika nusu ile nyingine nimeipoteza." Hakukaripia. Aliketi tu. "Hii iliyobaki tutaiparua nje, ndani itafaa. Umeileta bado ikiwa imeganda. Ahsante kwa hilo."

Kisha akasema jambo ambalo Tukummeq hakulisahau. "Tuna sanduku zima la vipande vilivyovunjika wakati wa kuchimba. Havitufai kwa vipimo. Tumeviweka kwa ajili ya shule yenu. Ungeniomba, mimi mwenyewe ningempelekea bibi yako."

Hapo ndipo Tukummeq alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kule usiku hauwi usiku mwezi wa Mei. Jua lilikuwa bado juu ya ghuba waliporudi. Kesho yake asubuhi meneja alimrudishia Masauna ufunguo mbele ya wafanyakazi wote na kumwomba radhi. Tukummeq alikuwepo, akasema kosa lake kwa sauti ya kusikika. Alipokwenda kuchukua nyama, Masauna alimpa gunia lake. Hakupiga saluti. "Haya," alisema tu, akaendelea kufagia.

"Mjomba hanitaki tena," Tukummeq alimwambia Mama walipokuwa wakiwalisha mbwa.

"Amefiwa na mama yake, na akaitwa mwizi wiki hiyo hiyo. Unataka akuchekee?" Mama alitupa pande la nyama. "Na lile la kuogopa watu watamsema Bibi, lifute. Bibi aliomba maji, hakuiba. Wewe ndiye uliyeiba, ukadanganya, ukanyamaza. Usimbebeshe marehemu mzigo wako."

Tukummeq aliokota pande lililoanguka pembeni, akamrushia mbwa wa mwisho.

"Ulimpenda, najua. Mimi nilimpenda kabla yako, na nililowa hadi kiunoni kwa ajili yake. Lakini mapenzi hayakupi ruhusa ya kuchukua cha mtu. Mdomo unao: omba. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajalipa. Umesema umechelewa, na tumeokoa nusu. Nusu ile nyingine hairudi, na Bibi harudi." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Kesho ukitoka shule nenda ghalani ukamsaidie mjomba wako kufagia. Asiposema neno, fagia tu. Na keshokutwa uende tena."