Sili ya Lori la Papa

Simrat Dhaliwal alipanda kwenye lori la baba yake, aliyemwita Papa, akiwa amevaa jezi ya mpira wa kikapu, viatu vya mchezo miguuni, na nywele amezisuka tayari.

"Mechi ni saa kumi jioni," Papa akamkumbusha huku akiweka chupa ya chai ya tangawizi pembeni ya kiti. "Jezi utaivaa tangu alfajiri?"

"Ili tusipoteze muda baadaye, Papa."

Papa alicheka, akarekebisha kilemba chake kwenye kioo, akawasha lori. Walikuwa wanapeleka mtindi kwenye ghala moja mjini Tracy, mwendo wa saa moja tu kutoka kwao Livingston. Miadi ilikuwa saa mbili asubuhi. Ikifika saa sita wangekuwa wamerudi nyumbani.

Ilikuwa fainali. Msimu mzima Papa hakuwa ameona mechi hata moja, kwa sababu kila mara kulikuwa na ghala lililomkalisha foleni. Safari hii aliahidi, na Simrat, aliyekuwa likizo, aliamua kwenda naye kuhakikisha ahadi inatimia.

Getini walipokewa na mlinzi aliyeitwa Bi Lupe, mama mnene mwenye kofia ya majani. Alizunguka nyuma ya trela, akaishika sili, kile kitanzi cha bati chenye namba kinachofunga milango ya mzigo. Akaivuta kuona kama imekaza, akaandika namba yake daftarini.

"Leo umekuja na bosi wako?" akamuuliza Papa.

"Huyu ndiye mwenye lori, Bi Lupe. Mimi nimeajiriwa tu."

Kwenye dirisha la mapokezi hakukuwa na utani. Karani, Bwana Dwayne, alichukua karatasi bila kuinua macho. "Kasubiri ndani ya lori."

"Mlango gani wa kupakulia, bosi?"

"Nikijua nitakwambia."

Wakasubiri. Saa mbili ikapita, ikapita saa tatu. Walikula chapati za viazi na achari mpaka zikaisha. Malori ishirini yalikuwa yamepangana uani, na ndani ya kila moja dereva ameegemea usukani, saa zake za kazi zikiyeyuka bure. Simrat alipobanwa na haja, alikuta choo cha ghala kimeandikwa "Madereva hawaruhusiwi". Choo cha plastiki kilichowekwa kwenye kona ya ua kilimfanya arudi mbio ameziba pua. Bi Lupe alimwona, akamrushia ufunguo wa choo cha walinzi.

"Mimi sijakuona," alisema. "Na usimwage maji sakafuni."

Saa tano unusu simu ya Papa ikalia: mlango wa kumi na saba. Papa akaruka chini. "Naenda kusaini, nakuja sasa hivi."

Lakini mbele ya dirisha kulikuwa na madereva sita. Simrat alitazama saa, kisha mlango wa kumi na saba, kisha saa tena. Alijua kwamba milango ya trela lazima ifunguliwe kabla ya lori kurudi nyuma hadi mlango wa ghala kupakua. Papa anapobeba lozi, hukata sili mwenyewe. Simrat alishamwona akifanya hivyo mara nyingi. Akatoa koleo kwenye sanduku la vifaa, akazunguka nyuma, akaikata.

Kitanzi kilikuwa bado kiko kiganjani mwake Papa alipotokea akiongozana na Bwana Dwayne. Simrat akakitia mfukoni.

Karani alisimama ghafla. "Sili iko wapi?"

Papa alitazama mlango, uso ukamsawijika.

"Huu ni mtindi, dereva. Ni chakula cha watu," Bwana Dwayne akasema. "Sili ya chakula hukatwa mbele yangu. Nisipoiona nzima, nitajuaje nani ameingia humo? Mzigo unarudi, na utatupwa wote."

"Ilikuwepo. Bi Lupe aliikagua."

"Au aliandika tu akiwa kwenye kiti chake. Huyo ameshaonywa mara mbili. Leo ndiyo mwisho." Akamwita kwa redio.

Bi Lupe alikuja akihema, daftari kwapani. "Dwayne, niliishika kwa mkono wangu huu!"

"Basi imepaa?"

Simrat alihisi bati likimchoma mfukoni. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini ufunguo wa choo ulikuwa ukining'inia kiunoni mwa Bi Lupe. Na Papa alikuwa akilitazama koleo lililoachwa kwenye ngazi ya lori. Papa akavuta pumzi kutaka kusema.

"Nimeikata mimi!" Simrat akamtangulia. Akatoa kitanzi, akamkabidhi karani. "Bi Lupe hana kosa. Sikujua kama kwa chakula ni tofauti. Nilitaka tuwahi."

Bwana Dwayne alisoma namba ya sili, akailinganisha na ya daftarini. Zilikuwa sawa. Akaenda kuangalia kamera: alionekana msichana mwenye jezi na koleo, na milango haikufunguliwa. Akawapigia simu wenye mtindi. Walikubali mzigo upokelewe, ila kila katoni ikaguliwe na ubaridi upimwe.

"Na mnarudi mwisho wa foleni," karani akamalizia.

Bi Lupe alimvuta Simrat sikio, si kwa nguvu. "Ungeniponza, wewe! Haya, nenda."

Saa kumi kasoro robo mzigo ulikuwa umeisha. Bwana Dwayne alileta karatasi mwenyewe, jasho likimtiririka.

"Nina watu watano kwa milango ishirini, Bwana Dhaliwal. Sikukalishi kwa kupenda."

"Naamini. Na choo nacho kimepungukiwa na watu?"

Karani alikuna kichwa. "Kiko kushoto, baada ya ofisi. Sema nimekuruhusu."

Barabarani Simrat alitazama saa tena. "Papa, nimetuchelewesha zaidi."

"Ndiyo, umetuchelewesha," Papa akasema. Hakuwa mtu wa kupaka maneno sukari. "Sikiliza, mwanangu. Kunikalisha zaidi ya saa tatu bila choo ni uonevu. Uonevu unausema dirishani, kwa mdomo wako. Huukati kwa koleo. Usichokijua, uliza kwanza. Na ukishakosea, sema kabla mtu mwingine hajabebeshwa kosa lako. Leo umesema bila kusukumwa. Kwa hilo sina hasira na wewe."

Waliingia ukumbini kipindi cha pili kimeshaanza. Kocha alimkunjia uso Simrat, kisha akamwingiza uwanjani. Walifungwa kwa pointi nne. Lakini mara mbili Simrat alitumbukiza mpira kikapuni, na mara zote mbili mtu mmoja mwenye kilemba na fulana ya rangi ya chungwa aliruka kutoka kwenye benchi akipiga kelele kuliko ukumbi mzima.

"Ule wa pili!" Papa alisema wakitoka. "Uliorusha ukiwa unaanguka!"

Kwa mara ya kwanza msimu ule, Simrat hakuwa na haja ya kumsimulia mechi.