Tinga Iko Nyumbani

Nilimuuzia mzee Kisilu wa Mitaboni traka iliyong'olewa kwenye tinga iliyomwua dereva wake, nikamwambia ni mpya. Niliipangusa kwa petroli, nikaitia ndani ya boksi la nyingine, nikaifunga vizuri kwa selotepu. Naanza na hilo kwa sababu hata nikianza na lingine, Mungu ameshaliona. Mimi ni Ngui, fundi wa Tala. Kazi yangu ni kufunga traka kwenye pikipiki, magari na mitambo ya shamba, ili mwizi akiiba, mwenye mali aone kwa simu mali yake iko wapi. Sehemu ya haya niliyaona mwenyewe. Sehemu niliambiwa na Mbula, mke wa Kisilu, ambaye hajui kuongeza chumvi.

Kisilu alikuwa na tinga moja, trekta ya kulimia watu, na dereva mmoja, Kitheka, mtoto wa dada yake Kaluki. Kaluki ni mjane. Kitheka alikuwa na miaka thelathini na mbili, aliimba besi kanisani, na shamba hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni jina. Ukitaka mtu wa kumwachia ufunguo wa nyumba uende Mombasa mwezi mzima, Mitaboni ungeambiwa mwachie Kitheka.

Ilianza Jumanne moja ya Februari, saa nane mchana. Mbula alikuwa kwenye kivuli cha tinga akipepeta maharagwe, na Kisilu yuko hapo karibu kwenye kiti, ufunguo mfukoni. Simu ikalia. Mzee akasoma kwa sauti: "Injini imewashwa. Mahali: Lukenya."

Mbula akagonga gurudumu kwa uteo, akamwuliza kama na yeye anayepepeta yuko Lukenya. Wakacheka.

Jumatano, saa nane, ujumbe ule ule. Alhamisi, ule ule. Siku hiyo Mbula alisikia harufu ya dizeli iliyoungua na ya mawe yaliyopasuliwa, ile inayokausha koo, na hapo kwao hakuna machimbo. Akaweka mkono juu ya boneti, akautoa haraka. Ilikuwa moto kama sufuria. Akajiambia ni jua. Lakini chini kwenye magurudumu kulikuwa na vumbi la kijivu, na udongo wa Mitaboni, kila mtu anajua, ni mwekundu.

Kisilu naye aliona vumbi. Akapima dizeli kwa kijiti, akakuta imeshuka. Hakucheka tena. Alisema Kitheka anaiba tinga mchana, mzee akilala kidogo baada ya chakula, anaenda Lukenya kubebea watu mawe.

Kitheka akaitwa, akasimama mbele yake na kofia mkononi.

"Mjomba," akasema, "kutoka hapa mpaka Lukenya na kurudi, kwa hii tinga yako, ni siku nzima. Ama siku hizi inapaa?"

"Simu haina mjomba," Kisilu akamjibu. "Simu inasema tu."

Siku iliyofuata Mbula aliamua kukaa macho. Kitheka alikuwa ametumwa sokoni, mzee amelala, ufunguo umening'inia kwenye msumari chumbani. Saa nane kuku waliokuwa chini ya tinga wakatoka wote pamoja bila kelele, wakaenda kusimama ukutani. Ile harufu ikaja. Halafu Mbula akaona kiti cha tinga, kile kiti cha springi, kikishuka taratibu, kama kinavyoshuka mtu mzito akikikalia, kikabaki hivyo kimebonyea na juu yake hakuna mtu, na usukani ukazunguka kidogo kushoto, ukarudi, ukazunguka tena kushoto, kama wa mtu anayejaribu kutoka mahali asipoweza kutoka, na kutoka chini ya chuma, mahali ambapo hakuna kitu isipokuwa ekseli na giza, akasikia kucha zikikwaruza bati, polepole, zikipumzika, zikianza tena, na alipotaka kuita jina la Yesu mdomo ukawa mkavu likatoka nusu. Ndani, simu ikalia.

Alinipigia kesho yake asubuhi. Alinong'ona mpaka nikamwomba aongeze sauti, akasema hawezi, iko hapo nje.

Nilifika na pikipiki saa saba na nusu, nikafungua kifuniko cha nyuma ya dashibodi nilikoificha traka. Kijitaa chake kilikuwa kinawaka kijani, kizuri kabisa, na saa nane ilipofika nikakisikia kile alichokisikia Mbula, kucha kwenye bati, si chini ya tinga sasa bali ndani ya kile kifaa mkononi mwangu, kidogo na mbali kama mtu aliye upande wa pili wa kilima, na mkono wangu ukajaa baridi mpaka kwenye kiwiko, na mimi nikajua ni nani.

Yule aliyeniuzia kifaa kule Lukenya alinieleza yote, na mimi nikacheka nikaomba apunguze bei. Dereva aliitwa Musau. Tinga yake ilipinduka kwenye machimbo na trela ya mawe, saa nane mchana, ikamlalia miguu. Hakufa hapo. Alikwaruza na kuita mpaka jioni. Mwenye tinga alikuwa ameangalia simu mara tatu, na mara tatu simu ikamwambia tinga iko machimbo, ambako ndiko ilitakiwa kuwa. Akaona mambo ni sawa. Traka inajua chuma kiko wapi. Haijui kama mtu yuko chini yake.

Nilipogeuka, Kitheka alikuwa nyuma yangu, na Kisilu nyuma yake. Kitheka aliongea polepole, kama mtu anayeomba maji.

"Fundi, wewe ndiye unajua hii kitu. Inaweza kudanganya?"

Hapo ndipo ningesema. Ningesema ni ya zamani, ni ya marehemu, ing'olewe iende ikaombewe. Lakini Kisilu ni mzee wa kanisa, na maneno yake yangefika Tala kabla yangu, na duka langu lingefungwa. Nikafuta mikono kwa kitambaa.

"Haiwezi," nikasema. "Hii ni ya satelaiti."

Kitheka akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Jumapili, baada ya ibada, Kisilu alilileta jambo mbele ya wazee, na watu walikuwa bado mlangoni wakisikiliza. Kitheka hakupiga kelele. Aliomba kitu kimoja tu: apewe kithitu, kile kiapo cha Wakamba ambacho ukiapa uongo huoni mavuno mengine, na ukibaki hai hakuna mtu atakutaja vibaya tena. Alisema ataapa mbele ya soko lote. Kisilu akakataa. Akasema mtoto wa kanisa hashiki kithitu, hayo ni mambo ya shetani.

"Basi mjomba nitajisafisha na nini?" Kitheka akauliza. "Kiapo umeninyima, neno langu umelikataa. Imebaki simu yako."

Kutoka siku hiyo watoto walianza kumwita Lukenya. Kwenye kwaya waliacha nafasi mahali aliposimama zamani, na yeye akaacha kwenda.

Jumanne iliyofuata, alfajiri, alimwambia mama yake ataichukua tinga aipeleke huko huko inakosemwa, mchana kweupe, aulize mtu yeyote wa pale kama amewahi kumwona. Wakisema hapana, atarudi na wawili watatu waje kumwambia mjomba. Kaluki alimsihi asiguse mali ya mtu bila ruhusa. Akamjibu, "Mwaitu, mama yangu, mwizi nimeshaitwa. Wacha niende kwa miguu ya mwizi nirudi na jina langu." Akanywa chai, akaondoka.

Kisilu alikuwa ameenda Machakos mjini kwa mkutano wa wakulima. Karibu saa mbili asubuhi Mbula akarudi kutoka kisimani, akakuta mahali pa tinga hakuna tinga, na kwenye msumari hakuna ufunguo. Akampigia. Kisilu akaangalia simu, akamwambia tinga iko nyumbani, injini imezimwa.

Mbula akamwambia amesimama hapo hapo inapokaa, anaona doa la oili na kuku.

"Angalia vizuri," mume wake akasema. "Simu inasema iko."

Alimpigia tena saa sita, akapiga saa nane. Saa nane alikuwa analia, kwa sababu pale patupu, kwenye uwanja ambao hauna hata kijiko cha chuma, kucha zilikuwa zinakwaruza bati, si za mtu mmoja tena, zingine nzito zimechoka na zingine mpya zenye haraka, na harufu ya mawe ilimjaa puani mpaka akapiga magoti, akainua simu juu ili mume wake asikie, na mume wake kule mjini alichosikia ni upepo. Akamwambia apunguze maombi ya kufunga, njaa inamletea mambo. Kisha akazima simu kwa sababu mkutano ulikuwa unaendelea.

Mchungaji wa ng'ombe wa ranchi moja ya Lukenya ndiye aliyemkuta Kitheka. Ile barabara ya zamani ya machimbo ilikuwa imekatika, na tinga ikapinduka nayo. Huyo mchungaji alisema alisikia watu tangu mchana, ila hakushtuka, kwa sababu walikuwa wawili na walikuwa wanaongea. Mmoja alikuwa anauliza na mwingine anajibu. Jua liliposhuka wakanyamaza, ndipo akaenda kuangalia. Chini ya tinga alikuwa mtu mmoja, na bado alikuwa na joto.

Kwenye mazishi mhubiri alihubiri amri ya nane, usiibe. Hakumtaja jina, lakini alisema mali ya kuiba humrudia mwizi. Kaluki alikuwa mstari wa mbele. Kwaya iliimba bila besi. Mimi nilikuwa nyuma karibu na hema, na kitabu cha nyimbo mkononi, na sikufungua mdomo, hata kuimba.

Wiki hiyo niliing'oa ile traka, nikaipasua kwa nyundo, nikauchukua unga wake mpaka kwa mchungaji wa kanisa langu. Nikamweleza yote niliyokueleza. Aliombea ule unga na mafuta, akauzika nyuma ya kanisa, akasema jini limefungwa na dhambi imesamehewa, na kwamba sasa si vizuri kufukua mambo ya familia ya watu. Nilikwenda kwa Kisilu mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia mjane ameshakubali yaliyotokea, nisimsumbue. Tinga aliiuza kwa mtu wa Yatta. Hakumwambia kitu.

Mbula ameniletea simu ya mzee niitazame. Traka ni unga, tinga haipo, laini imebadilishwa mara mbili. Kila siku saa nane ujumbe unaingia: injini imewashwa, mahali Lukenya. Kabla hujaufunga, unaingia wa pili, ule ule, neno kwa neno. Zamani ulikuwa mmoja. Kisilu anasema ni makosa ya mtandao. Sasa ndiyo anasema simu inaweza kukosea.

Mwisho nilikwenda kwa Kaluki. Nilidhani atanipiga, na ningekubali. Alinipa kiti. Nilipomaliza kusema aliendelea kuokota mawe kwenye maharagwe, halafu akasema, "Mwanangu, wewe ni mmoja. Waliosema ni mwizi ni soko zima. Mimi nitaamini nani?"

Ndiyo sababu nimekaa na wewe hapa. Siku yoyote ukipita Mitaboni, uliza kwa Kaluki mama Kitheka, ni nyuma ya kinu cha posho, mlango wa bluu. Ingia umsalimie. Mwambie Kitheka hakuiba.